Pete ya Dada Yangu Kwenye Kidole cha Rawya

Sehemu ya sita

Kuna msomaji aliyenitumia ujumbe wiki hii akaniuliza, "Wewe Sabri, ni mwanamume kweli au umevaa suruali tu?" Ndugu yangu, subiri usome ya leo. Ukimaliza, utaiomba radhi suruali.

Kwa wanaoingia leo: mimi ni fundi wa kupaka vanishi hapa Damieta. Napaka vitanda vya maharusi wa watu, cha kwangu sijakipaka. Miaka mitatu iliyopita nilisoma Fatiha na Mzee Metwalli, akakubali nimuoe binti yake Rawya, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiikimbiza bei ya dhahabu. Nikipata nusu ya pete, naamka nakuta ile nusu imekuwa robo.

Mzee Metwalli alianza kwa kutaka pete, mkufu na bangili nne. Akashuka mpaka bangili mbili. Akashuka mpaka pete peke yake. Mwisho akaniambia, "Kijana, chini ya pete hakuna pa kushuka tena. Kuna kidole kitupu tu." Na ya bandia nisingethubutu, kwa sababu mjomba wake Rawya ni sonara na angeipima pale pale mbele ya wageni.

Ndipo dada yangu Samah alipovua ya kwake. Mumewe, Fathi, alikuwa Kuwait akiendesha lori.

"Nakuazima, sikupi," aliniambia. "Miezi miwili unanunua inayofanana, tunabadilisha kimyakimya. Na uniapie kwa kaburi la mama kwamba Rawya hatajua. Mtu yeyote asijue."

Nikaapa. Mjomba akaipima akaridhika, Rawya akavishwa, vigelegele vikapigwa, watu wakanywa sharubati.

Miezi miwili ikawa mitano. Karakana ikapungukiwa kazi, dhahabu ikazidi kupanda. Wiki jana niliwaachia pale simu ilipolia nikiwa na msasa mkononi, Samah akasema neno moja tu: "Anarudi."

Haya. Tuendelee.

Nilimkuta jikoni, amesimama mbele ya jiko lisilo na moto.

"Lini?" nikamuuliza.

"Alhamisi ya wiki ijayo. Sabri, nataka pete yangu."

"Nimebakiza nusu tu, dada."

"Nusu ya pete haivaliki."

Akaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa. Akaniambia jambo ambalo alikuwa amenificha miezi yote mitano. Kila Ijumaa Fathi akipiga simu ya video, swali la kwanza huwa moja: nionyeshe mkono.

"Nikamwambia nimenenepa, pete iko kwa sonara inapanuliwa. Ijumaa iliyopita akaniuliza, sonara gani huyo anakaa na pete miezi mitano, anaipanua au amerudi nayo mgodini?"

Ningecheka, kama asingekuwa Fathi. Fathi namjua. Aliwahi kumnunia Samah wiki mbili kwa sababu alicheka na muuza samaki.

"Akikuta kidole kitupu hatauliza mara mbili," Samah akasema. "Atanirudisha na wanangu wawili kwenye kile chumba unacholala wewe."

"Basi niende nikamwombe Rawya anirudishie kwa siku chache."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia... inapanuliwa."

Hakuna aliyecheka. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye sinki, akainuka akaubana mfereji. Alipozungumza tena hakuniangalia.

"Mwanamume akivunja uchumba, dhahabu inabaki kwa binti. Binti akivunja, dhahabu inarudi. Ndivyo tulivyokuta, ndivyo dunia yetu inavyokwenda."

Nilichelewa kuelewa.

"Unataka nimwache Rawya?"

"Nataka yeye akuache."

"Samah!"

"Halafu utakwenda kumwangukia miguuni. Anakupenda, mtarudiana. Mimi Fathi hanipendi kiasi hicho."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipo na la kuungama. Ningeweza kumwambia Rawya ukweli. Ningevuka mtaa ule, ningemwita mlangoni, ningemwambia pete ni ya dada yangu na sina ya kwangu. Ingechukua dakika mbili.

Kiapo nilikuwa nacho, ndiyo. Lakini msinionee huruma kwa sababu ya kiapo. Nilikuwa radhi Rawya anione katili kuliko anione sina kitu. Hiyo ndiyo kweli, na nimekawia sana kuisema.

Nikaanza na Maulidi.

Huku kwetu mchumba haendi mikono mitupu siku ya Maulidi. Anapeleka boksi la halua na mwanasesere wa sukari mwenye mapambo ya karatasi mgongoni, na mama mkwe anamweka juu ya kabati ili majirani waone. Asiyepeleka amemtukana binti, amewatukana na wazazi wake. Kuna uchumba uliovunjika kwa kosa hilo hilo peke yake.

Sikupeleka kitu. Nilizima simu, nikaenda kukaa kwenye mkahawa ulio njiani mwao, nikacheza dhumna mchana kutwa ili kila anayepita anione kwamba si mgonjwa wala sijasafiri.

"Fundi, leo si siku ya kupeleka mwanasesere?" akaniuliza mwenye mkahawa.

"Apelekewe na anayetaka," nikajibu kwa sauti, ili maneno yafike.

Kesho yake nikaenda kwao, nimejiandaa kutukanwa. Nilibisha hodi nikajipa moyo: Sabri, ukitukanwa usijitetee, pokea tu, pete itoke.

Mama yake Rawya akafungua mlango huku anacheka.

"Ala, Sabri mwanangu! Mwanasesere mkubwa vile wa nini? Ungetunza pesa zako, baba. Mwangalie alivyopendeza!"

Nikaangalia. Juu ya kabati alikuwa amesimama mwanasesere wa sukari, karatasi zake nyekundu na za dhahabu zimefunguka mpaka zinagusa ukuta. Nyuma ya mama, kwenye mlango wa jikoni, Rawya ameweka kidole mdomoni. Kidole chenye pete.

Mama alipokwenda kuchemsha chai, nikamnong'oneza, "Umefanya nini?"

"Nilijua umebanwa," akasema. "Nimewaambia ulituma mtu alete kwa sababu mna kazi ya haraka karakana."

"Pesa umetoa wapi?"

"Za viatu."

"Viatu vipi?"

"Vya siku yetu. Viatu nani anaviangalia, Sabri? Gauni linafunika." Akanipiga begani na kitambaa cha vyombo. "Mbona umekunja uso hivyo? Au hukumpenda? Nilitaka yule mwenye mwavuli, nikaambiwa bei yake, nikasema huyu huyu anatosha."

Chai ikaja. Nikainywa yote, mama yake akinisifu kwa ukarimu wangu. Nimewahi kumeza vanishi kwa bahati mbaya, haikunichoma hivyo.

Nikampigia Samah. "Imeshindikana. Ananikinga."

"Basi mguse mahali ambapo hawezi kukukinga."

"Wapi huko?"

"Wewe ndiye mchumba wake. Unapajua."

Nilipajua. Na ninyi mtapajua sasa hivi.

Mama yake Rawya anauza jibini jeupe sokoni. Kila siku alfajiri anabeba makopo yake, mchana anarudi. Tangu Rawya alipokuwa na miaka tisa, mama huyu amekuwa akitoa kidogo kwenye jibini lake akinunua vyombo vya ndoa ya binti: sahani leo, sufuria mwezi ujao, shuka mwakani. Vyote viko chini ya vitanda, vimefungwa kwenye magazeti. Nyumba nzima wanalala juu ya vyombo vya Rawya.

Ijumaa, baada ya swala, mama aliwaalika dada zake wawili waje waone vilipofikia. Mimi nikaitwa nisaidie kuvuta maboksi. Mzee Metwalli alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha anamenya chungwa.

Mama akaketi sakafuni akaanza kufungua magazeti, sahani moja baada ya nyingine.

"Hizi za maua ya buluu nilinunua Rawya akiwa darasa la nne," akawaambia dada zake. "Hizi, yule mfanyabiashara alinipunguzia kwa sababu moja ina ufa, nikamwambia ufa ni wa kwangu, bei ndiyo yako. Mwangalieni Sabri, anaona aibu! Mkwe, njoo uone, hizi ndizo utakazolia chakula."

Nikainama nikachukua moja. Nikaipeleka puani, nikanusa.

"Mama," nikasema, "hizi sahani zinanuka jibini."

Wakacheka. Walidhani natania. Rawya alicheka kuliko wote. Nilikuwa bado naweza kuiweka ile sahani chini nikacheka nao.

"Sitanii," nikasema. "Nyumba nzima inanuka jibini. Nikichukua vitu hivi, watu watasema sikuoa mke, nimeoa kibanda cha sokoni."

Kicheko kikakatika. Dada zake mama wakaangaliana. Mzee Metwalli aliacha kumenya chungwa, kisu kikabaki kwenye ganda.

Mama hakunijibu kwa hasira. Afadhali angenitukana. Alichukua ile sahani mkononi mwangu, akaanza kuifunga tena kwenye gazeti lake, akikosea mikunjo.

"Nimeziosha, mwanangu," akasema. "Nimeziosha kwa siki."

Rawya akasimama. "Sabri, mwombe mama radhi."

"Radhi ya nini? Ya kusema kweli?"

"Mwombe radhi sasa hivi na mimi nitasahau. Nakuapia nitasahau. Umechoka, kazi hakuna, shetani amepita. Sema neno moja tu."

Nilimwangalia. Moyo wangu ulikuwa tayari miguuni kwa mama yake, unabusu sakafu. Mdomo wangu nikaubana. Nikahesabu siku zilizobaki mpaka Alhamisi, nikanyamaza.

Rawya akaivuta pete. Ikakwama kwenye kifundo. Akavuta tena, ikakataa. Bila kusema kitu akaenda jikoni, na sisi sote tukabaki pale tunasikiliza maji yanavyotiririka na yeye anavyosugua sabuni. Yalitiririka muda mrefu. Dada mmoja wa mama hakuweza kuvumilia, akajifunika uso kwa mtandio.

Aliporudi mkono wake ulikuwa umelowa mpaka kwenye kiwiko. Akaiweka pete juu ya sahani za maua ya buluu. Ilikuwa bado ina povu.

"Chukua dhahabu yako, kijana," akasema Mzee Metwalli. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Sisi ndio tuliovunja. Hatukudai, hutudai. Na njia ya kutokea unaijua."

Nikaichukua. Naam, wasomaji wangu, niliinama mbele ya yule mama, juu ya zile sahani, nikaichukua.

Samah alipoiona aliibusu. Akaivaa, akanyoosha mkono, akalia, akacheka. Kisha akanitazama.

"Ulisema nini mpaka akavua?"

"Usiniulize."

"Sabri, ulisema nini?"

"Nimekwambia usiniulize, dada. Pika, mumeo anakuja."

Alhamisi Fathi akaja. Masanduku matatu, miwani ya jua, marashi yanayotangulia ngazini. Samah alikuwa amepika bata aliyejazwa vitunguu, na mimi nilialikwa nimkaribishe shemeji. Watoto walipewa midoli yao, wakakimbilia kwa jirani kuionyesha.

Tukala. Samah alisogeza chumvi kwa mkono wenye pete. Akasogeza mkate. Akasogeza chumvi tena, ingawa haikuwa imekwenda mbali. Fathi anakula, macho kwenye sahani.

Nikajisemea: Alhamdulillahi. Jumamosi nakwenda kwa Mzee Metwalli, najitupa chini.

Fathi akafuta mikono. "Kumbe pete imetoka kwa sonara."

"Imetoka," Samah akasema upesi. "Itazame, imepanuliwa vizuri."

"Nimeitazama. Nimeitazama na hapa pia."

Akatoa simu, akaiweka katikati ya meza, karibu na mifupa ya bata. Ilikuwa picha ya siku ya uchumba wetu. Rawya ameinua mkono, anacheka, macho yamefumba. Pete inaonekana waziwazi.

"Binamu yangu alinitumia wiki ile ile," Fathi akasema.

Nikasimama. "Shemeji, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemwomba, yeye alikataa..."

"Wewe kaa chini! Nguo ya kuazima haisitiri matako, hukuambiwa na mama yako? Umekosa pesa, ungekosa na mke. Unamvisha mchumba wako jasho langu?"

Akafungua dirisha. Kwao ghorofa ni ya kwanza, na chini yao kuna mafundi, kuna wauza matunda, kuna kila mwenye masikio.

"Sikieni!" akapaza sauti. "Pete niliyomnunulia mke wangu imevaliwa na binti wa Metwalli miezi mitano! Huyu hapa fundi wa vanishi ameposa kwa pete ya dada yake!"

Huko nje misumeno ikanyamaza, mmoja baada ya mwingine. Nilitamani sakafu inimeze.

Samah hakulia. Alikuwa bado anaitazama ile picha.

"Wiki ile ile?" akauliza. "Yaani ulijua miezi mitano yote?"

"Nilitaka nione utadanganya mpaka lini."

"Na kila Ijumaa unaniambia nionyeshe mkono, huku unajua."

"Ndiyo."

"Fathi, mtu akijua mke wake amekosa, anapiga simu, anagomba, yanakwisha. Hakai na kosa miezi mitano. Ulikuwa unaliweka la nini?"

Fathi akafunga dirisha. Akarudi akakaa, akachukua kipande cha mkate, akakirudisha.

"Nakuuliza, mume wangu. Ulikuwa unaliweka la nini?"

"Nimeoa kule," akasema.

Nilisikia sauti za watoto kwa jirani wakigombania mdoli.

"Lini?"

"Kabla ya haya. Mwaka jana. Sikujua nitakwambiaje. Sasa na wewe umenikosea, hakuna wa kumlaumu mwenzake."

Kwa ajili ya mwanamume huyu nilikuwa nimemvua Rawya pete. Kwa ajili ya nyumba hii ambayo tayari ilikuwa imevunjwa Kuwait tangu mwaka jana, sisi tukiwa huku tunaipigania.

Samah akaivua pete. Ilitoka mara moja, bila sabuni. Unene ule ulikuwa wa kwenye simu tu, hofu ilikuwa imemmaliza. Akaikandamiza kwenye kiganja changu, akanifunga vidole.

"Nimekufungulia kiapo chako," akasema. "Nenda kamwambie Rawya kila kitu. Mwambie mimi ndiye niliyekufundisha. Nenda sasa, Sabri, kabla hajaambiwa na wengine."

"Na wewe?"

"Mimi nina mgeni, nitamalizana naye. Nenda!"

Nikatoka mbio. Adhana ya alasiri ilikuwa inaisha. Mtaani watu walikuwa wamesimama makundi makundi, na nilipopita walinyamaza, kisha wakaanza tena nyuma yangu.

"Fundi!" akaniita mmoja kutoka mkahawani. "Leo unaipeleka kwa nani? Tuwekee foleni na sisi!"

Wakacheka. Sikugeuka. Kichwani nilikuwa napanga maneno: kwanza mama, nimwangukie mama kwanza, kisha mzee, kisha yeye.

Kwenye mlango wa Mzee Metwalli nikakuta viatu. Viatu vya kiume, jozi nne, vyeusi, vimepigwa rangi siku hiyo hiyo. Hakuna anayepiga kiatu chake rangi namna ile kwenda kumjulia hali jirani. Hawa walikuwa watu wa posa.

Nikabisha.

Akafungua Rawya mwenyewe. Alikuwa amevaa mtandio wake wa sikukuu, ameshika sinia la vikombe vya kahawa. Macho yalikuwa yamevimba lakini makavu. Nikafungua kiganja.

"Rawya, nipe dakika moja. Pete hii..."

"Ni ya Samah. Mtaa mzima umesikia. Fathi ana sauti nzuri."

"Nilikuwa naitafuta ya kwako. Wallahi nilikuwa nimefika nusu..."

"Ungeniambia." Akalikaza sinia kifuani. "Ungeniambia siku ile ile, ningevaa waya. Ningevaa uzi. Ningemwambia baba mimi ndiye nisiyetaka dhahabu, inaniwasha. Ungeona ninavyojua kudanganya kwa ajili yako, Sabri. Hukuniona kwenye Maulidi?"

"Niliapa kwa kaburi la mama."

"Uliapa," akarudia, kama mtu anayeonja kitu na kukitema.

Ndani, Mzee Metwalli akaita, "Rawya! Wageni wanangoja!"

"Nakuja, baba."

Nikasogea. "Usiingie. Nakuomba. Nifanye unachotaka, lakini usiingie na sinia hilo."

"Nina swali moja," akasema. "Ukinijibu nitajua la kufanya. Usiponijibu naingia, na nikishaingia baba atasoma nao Fatiha."

"Niulize."

"Mama hajaenda sokoni tangu Ijumaa. Makopo ya jibini yameharibika, tumeyamwaga. Anaona aibu kukaa karibu na watu. Anajinusa mikono. Niambie. Maneno yale uliyoyasema, ndiyo uliyokuwa nayo moyoni miaka yote mitatu? Au hukuyaamini hata moja, ukamvunja mama yangu mbele ya dada zake ili upate pete tu?"

Nikisema niliyaamini, sina haki ya kusimama mlangoni pale. Nikisema sikuyaamini, basi nilimtupa mama yake kwa pete ya kuazima, nikijua ninachofanya, tena kwa macho makavu. Nilitafuta jibu la tatu na sikuliona.

"Jibu, Sabri."

Nyuma yake pazia la jikoni likasogea. Mama yake akatoka, amevaa gauni la nyumbani, mdogo kuliko nilivyomwacha. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Alisimama pale kando ya binti yake, mikono ameificha nyuma, naye akawa anangoja kunisikia.